Kuoga maji ya moto kambini kwa kutumia jua: mwongozo wa bafu la mfuko

Mtu aliyezoea joto la Dar es Salaam hupata mshangao anapopiga hema kwa mara ya kwanza katika Kambi ya Simba, juu ya ukingo wa Kreta ya Ngorongoro, mwezi wa Julai. Mahali pale ni zaidi ya mita 2,300 kutoka usawa wa bahari, na jua likishazama baridi hushuka upesi kiasi kwamba dumu la maji lililolala nje usiku kucha halishikiki asubuhi. Vumbi la siku nzima limeganda shingoni, nywele zimekuwa ngumu kama katani, na bado mtu huona heri alale hivyo hivyo kuliko kujimwagia maji hayo. Ajabu ni kwamba mchana wa siku hiyo hiyo boneti ya gari ilikuwa ikichoma mkono. Joto lilikuwapo, tena la bure, ila hakuna aliyeliweka akiba.

Bafu la mfuko, ambalo wengine huliita bafu la jua, ni chombo cha kuwekea akiba hiyo. Ni mfuko wa plastiki nzito, mweusi angalau upande mmoja, wenye mdomo wa kujazia maji, mshikio wa kutundikia, na mpira mfupi unaoishia kwenye koki ndogo na kichwa chenye vitundu kama vya bomba la mvua la nyumbani. Mingi inayouzwa hubeba lita 20, mingine lita 10. Hauhitaji umeme, gesi wala kuni, na hilo si jambo dogo katika hifadhi ambamo kuokota kuni hakuruhusiwi.

Wanaokatishwa tamaa na mfuko huu ni wengi, nami nimewahi kuwa mmoja wao. Nilinunua wa kwanza, nikaujaza hadi mdomoni saa nane mchana, nikautupa juu ya majani karibu na hema, kisha saa mbili usiku nikavua nguo nikiwa na matumaini makubwa. Maji yalikuwa fufutende, na upepo ulipopita hata ule ufufutende sikuuona tena. Kwa muda mrefu niliulaumu mfuko. Kumbe makosa yalikuwa yangu, tena matatu: saa niliyoujaza, kiasi cha maji niliyotia, na saa niliyochagua kuoga. Mwongozo huu kwa sehemu kubwa unahusu mambo hayo matatu, kwa sababu mengine yote ni nyongeza tu.

Kwa nini mfuko usijazwe

Jua la mchana mweupe katika nchi zetu, linapokuwa karibu na utosi, hutoa kiasi cha wati 1,000 kwa kila mita ya mraba. Mfuko wa kawaida ukilazwa huwa na upana wa sentimita 40 hivi na urefu wa sentimita 50, yaani sehemu ya tano ya mita ya mraba, kwa hiyo hupokea kama wati 200. Na kwa kuwa sehemu ya joto hilo hurudi hewani na nyingine hupotelea ardhini, tuseme zinazobaki majini ni wati 120. Kuipandisha lita moja ya maji kwa nyuzi moja ya Selsiasi kunahitaji takriban jouli 4,200. Basi mwenye lita 20 za maji ya nyuzi 18, anayetaka yafike nyuzi 38, anahitaji jouli milioni 1.68, na mfuko wake utachukua karibu saa nne za jua lisilokatizwa na wingu hata moja. Mwenye lita 10 ndani ya mfuko uleule atasubiri saa mbili.

Hayo ni makadirio, na upepo au ukungu unaweza kuyavuruga, lakini yanaonyesha wazi kwamba kuongeza maji ni kujiongezea muda wa kusubiri. Ndiyo maana ninashauri mfuko wa lita 20 utiwe lita 10 au 12 tu. Kiasi hicho hulala bapa kama chapati, tabaka la maji likiwa na unene wa sentimita tano au sita, na jua hulifikia lote upesi. Mfuko uliojazwa hadi mdomoni huvimba kama mto wa kulalia, juu ukawa moto na tumboni ukabaki baridi.

Huenda msomaji akaona lita 10 ni chache. Waliozoea bafu la hoteli wataona hivyo, lakini sisi tuliokulia kwenye ndoo na kopo tunajua kwamba nusu ndoo humtosha mtu mzima kuoga mwili mzima na kubakiza ya kusuuza miguu. Mfuko una faida zaidi ya kopo, maana koki hufungwa wakati wa kujipaka sabuni na hakuna tone linalopotea. Familia ya watu wanne itahitaji mifuko miwili au mitatu iliyotiwa nusu, na hiyo ni bora kuliko mmoja mkubwa uliojaa, kwa sababu eneo linalopokea jua ndilo linaloongezeka.

Kuujaza na kuulaza

Maji yatiwe mfukoni kati ya saa mbili na saa tatu asubuhi, kabla ya kutoka kambini kwenda kutazama wanyama au kupanda mlima. Anayengoja hadi arudi wakati wa chakula cha mchana amekwisha kupoteza nusu ya jua la siku. Mfuko mpya usuuzwe kwanza mara mbili kwa maji yenye siki kidogo, kwani plastiki yake huwa na harufu kali inayobaki kwenye nywele. Baada ya kutia maji, mfuko ukandamizwe kwa kiganja hadi hewa itoke, kisha kizibo kikazwe na koki ihakikishwe kwamba imefungwa. Hewa ikibaki katika mfuko mweusi pande zote, hukaa juu, ikitenganisha plastiki iliyopata joto na maji yaliyo chini yake.

Baadhi ya mifuko ina upande mmoja mweusi na mwingine unaopitisha nuru. Upande unaopitisha nuru ndio utazame juu. Nimewaona watu wakifanya kinyume chake kwa kudhani kwamba cheusi ndicho kivuta jua, na kwa kweli ndicho, lakini katika mfuko wa aina hii mtengenezaji amekusudia nuru ipenye ule upande mwangavu, ipite majini, ikanaswe na weusi ulio chini, huku plastiki ya juu ikizuia joto lisitoroke. Vumbi likitanda juu ya upande huo lifutwe kwa kitambaa chenye maji, kwa sababu vumbi la Serengeti wakati wa kiangazi linaweza kuugeuza mwangavu kuwa wa kahawia kwa asubuhi moja.

Mahali pa kuulaza pachaguliwe kwa makini. Ardhi tupu ya nyanda za juu hunyonya joto, kwa hiyo mfuko uwekewe kitu chini: jamvi, turubai kuukuu lililokunjwa mara nne, au nyasi kavu zilizokusanywa zikawa nene. Mwamba mweusi uliokwisha pata moto wa jua ni mahali pazuri sana, na boneti ya gari lililotoka kutembea ni pazuri zaidi, ilimradi mfuko usiteleze. Kabla ya kuulaza, mkono upitishwe juu ya eneo lote kutafuta miiba. Mwiba wa mgunga ni mrefu, mgumu na hauna huruma, na tundu lake huonekana tu maji yanapokuwa yamekwisha.

Kuna mambo mawili ambayo watu husahau. La kwanza ni kwamba kivuli hutembea. Mti ulio mbali na mfuko saa tatu asubuhi unaweza kuufunika saa saba, na mtu akirudi huukuta ukiwa baridi chini ya tawi lenye majani mengi. Kabla ya kuondoka, tazama jua litapitia wapi, si mahali lilipo sasa hivi. La pili ni upepo. Mfuko ulio wazi juu ya kilima hupoteza joto karibu kwa kasi ileile unayolipata, kwa hiyo kuukinga kwa jiwe kubwa, masanduku ya chakula au ubavu wa gari upande unakotoka upepo huongeza joto bila gharama.

Kuhusu mwelekeo, kwetu sisi tulio karibu na Ikweta mambo ni mepesi kuliko kwa wenzetu wa Ulaya. Saa sita mchana jua halipungui sana kutoka utosini: Arusha, kwa mfano, mwezi wa Juni huwa limeinama nyuzi 27 hivi upande wa kaskazini, na Desemba nyuzi 20 hivi upande wa kusini. Mfuko uliolazwa chali hupoteza kidogo tu. Saa tatu asubuhi, hata hivyo, jua bado liko chini, na mfuko uliolala chali hupokea takriban theluthi mbili tu ya nuru ambayo ungepokea kama ungelitazama jua uso kwa uso. Kwa hiyo mtu anayeshinda kambini auinue kidogo kuelekea mashariki asubuhi, aulaze chali adhuhuri, na auinue kuelekea magharibi kuanzia saa nane. Usiinuliwe sana, kwa kuwa maji hukimbilia chini na kurudisha ule uvimbe tuliouepuka.

Maji yenyewe yatoke wapi

Maji ya bomba la kambi au ya kisima ndiyo ya kutegemea. Wanaojaza mfuko kutoka ziwani au mtoni, licha ya mamba na kiboko ambao sina haja ya kuwaeleza, wakumbuke kichocho. Lava wa kichocho hutoka kwa konokono wa majini, kwa wingi zaidi wakati wa mchana jua likiwa kali, na hupenya ngozi isiyo na jeraha lolote ndani ya dakika chache. Kwenye fukwe za Ziwa Victoria na Ziwa Nyasa hii si hadithi ya kuwatishia watoto. Maji yakipita kwenye kichwa cha bafu yanakuwa ni yaleyale yaliyokuwa ziwani, na kuyaoga ni sawa na kuogelea.

Njia rahisi ni subira. Lava hao hawaishi zaidi ya saa 48 wakikosa mwili wa kuingia, kwa hiyo maji yachujwe kwa kanga iliyokunjwa ili konokono asiingie, yawekwe kwenye dumu lililofungwa kivulini kwa siku mbili kamili, ndipo yahamishiwe mfukoni asubuhi ya siku ya kuoga. Asiye na siku mbili ayachemshe. Sishauri kutegemea joto la mfuko kuwaua, kwa sababu tabaka la chini linaweza kubaki baridi wakati la juu linachoma. Maji ya maziwa ya magadi kama Natron, Magadi na Bogoria yaachwe kabisa, kwani huchoma macho na kuiacha ngozi ikivutana.

Na kwa upande mwingine, maji yasikae ndani ya mfuko siku nyingi. Uvuguvugu wa kati ya nyuzi 25 na 45 ndio bakteria wengi huupenda, miongoni mwao Legionella, ambaye huingia mapafuni kwa matone madogo ya mvuke wa bafu. Maji ya leo yaogwe leo au yamwagwe. Wala mfuko usigeuzwe kuwa chombo cha maji ya kunywa, hata kama yaliyotiwa yalikuwa safi.

Saa ya kuoga

Hapa ndipo mazoea yetu yanapogongana na chombo. Wengi wetu huoga alfajiri kabla ya kazi au usiku kabla ya kulala, na jua halifuati ratiba yoyote kati ya hizo. Maji ya mfuko huwa na joto lao la juu kabisa kati ya saa nane na saa kumi alasiri, kisha huanza kupoa polepole, na baada ya saa kumi na moja hupoa kwa haraka. Mtu anayetaka kuoga vizuri nyanda za juu aoge saa kumi, hewa nayo ikiwa bado na joto, na nywele zipate nafasi ya kukauka kabla ukungu haujapanda. Nikilinganisha mbinu zote zilizomo humu, hii moja ina uzito kuliko nyingine zote zikiwekwa pamoja.

Kama ni lazima iwe baadaye, kwa sababu gari litarudi jioni, basi aliyebaki kambini auzungushie mfuko blanketi mbili nzito ifikapo saa kumi na kuuingiza hemani, juu ya godoro na si juu ya sakafu. Maji yaliyofungwa hivyo yanaweza kufika saa moja usiku yakiwa bado ya kuogeka. Kuyatunza hadi asubuhi ni kujidanganya.

Kuyapima kabla ya kuyaamini

Mtu akiugusa mfuko kwa juu na kuona unachoma, haimaanishi kwamba maji yote ni ya moto. Maji ya moto hupanda na ya baridi hutulia chini, kwa hiyo mkono unapima tabaka moja tu. Mfuko ushikwe ncha mbili na kusukwasukwa taratibu, kama mtu anayechanganya maziwa ya mtindi kwenye kibuyu, mpaka joto lienee sawasawa. Kisha koki ifunguliwe kidogo na maji ya kwanza, kiasi cha kikombe kimoja, yamwagwe chini. Hayo ndiyo yaliyokuwa ndani ya mpira, na mpira ni mwembamba, mweusi, na umekaa juani siku nzima, hivyo yanaweza kuwa ya moto kuliko yote yaliyomo mfukoni. Yanayofuata yapimwe kwa upande wa ndani wa kiwiko, jinsi mama anavyopima maji ya kumwogeshea mtoto mchanga.

Nyuzi 37 hadi 40 ni joto la kuridhisha. Katika maeneo kama Tsavo, au Ruaha mwezi wa Oktoba, kazi si kupata joto bali ni kulipunguza, kwa kuwa lita 10 zilizoachwa kutoka asubuhi hadi alasiri zinaweza kupita nyuzi 50. Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi ya mtu mzima ndani ya sekunde chache, na ya mtoto mapema zaidi. Kwa sababu hiyo, kambini kuwe na dumu la maji baridi kando, na nafasi iliyoachwa mfukoni ndiyo ya kuongezea maji hayo. Mwenye kipimajoto cha jikoni akitumie. Ni kitu chepesi na humwondolea mtu ubishi na watoto wanaodai maji ni ya baridi.

Kuutundika

Lita 12 ni kilo 12, na lita 20 ni kilo 20 zinazoning'inia juu ya kichwa cha mtu aliye uchi na mwenye sabuni machoni. Tawi lichaguliwe bichi, nene kama paja la mtu, na lijaribiwe kwa kuning'inia kwa mikono miwili kabla mfuko haujapandishwa. Tawi kavu lisijaribiwe kabisa. Nguzo za hema nazo hazikuundwa kwa kazi hiyo, na atakayezitundikia mfuko atalala chini ya hema lililopinda.

Kamba itupwe juu ya tawi ikiwa imefungiwa chupa ya maji ndogo kwenye ncha, ifungwe kwenye mshikio, kisha mtu mmoja auinue mfuko kwa mabega huku mwingine akivuta, na kamba izungushwe shina mara mbili kabla ya kufungwa fundo la kufunguka kwa urahisi. Sehemu ya chini ya mfuko ikiwa mita mbili na ziada kutoka ardhini, mtu mrefu ataoga amesimama. Nguvu ya maji hutokana na kimo hicho tu, kwa hiyo mfuko ulio chini hutoa maji ya kudondoka.

Mwenye gari refu la safari hana haja ya mti. Mfuko ulazwe siku nzima juu ya paa au keria, ukifungwa usiteleze, na wakati wa kuoga mpira uteremshwe ubavuni mwa gari huku upande wa mfuko usio na mpira ukiinuliwa kwa blanketi lililokunjwa. Hakuna kuinua kilo 12 za maji ya moto, na hakuna tawi la kuogopa. Nilipoijua njia hii niliacha kutafuta miti, nayo inafaa zaidi katika nyika isiyo na mti wa maana.

Faragha ipatikane kwa turubai au shuka mbili zilizobanwa kati ya mlango wa gari na mti. Chini pawekwe mawe bapa au mkeka wa plastiki, na ndala zisivuliwe. Maji machafu yasielekezwe mtoni. Eneo la kuogea liwe angalau mita 60, yaani hatua 70 au 80, kutoka kwenye maji yoyote, hata kama sabuni imeandikwa kwamba inaoza yenyewe.

Kuoga kwenyewe ni jambo fupi. Lowa kwa sekunde 30, funga koki, jisugue kwa dodoki na sabuni kidogo kwa muda unaotaka, kisha fungua na kusuuza kuanzia kichwani kushuka. Sabuni ikiwa nyingi ndiyo inayomaliza maji, si uchafu.

Siku zisizo na jua

Wakati wa masika, na katika asubuhi za Julai zenye mawingu mazito kutoka Lushoto hadi Limuru, mfuko peke yake hautoshi, ingawa hata chini ya wingu jepesi hupandisha joto la maji kwa nyuzi chache. Hizo chache zisidharauliwe, maana hupunguza gesi. Tuseme mfuko umefikisha lita 10 kwenye nyuzi 22. Katika kimo cha Ngorongoro maji huchemka kwenye nyuzi 92 hivi, na lita mbili na nusu za maji hayo zikichanganywa na zile 10 huzileta zote kwenye nyuzi 36. Ni birika moja kubwa. Mchanganyiko ufanywe ndani ya ndoo, kisha umiminwe mfukoni, kwa sababu maji yanayochemka hulegeza viungio vya plastiki na kuunguza mikono ya anayejaza.

Bomba badala ya mfuko

Wanaosafiri mara kwa mara kwa gari lao wenyewe wanaweza kutengeneza bafu la kudumu juu ya keria kwa bomba la PVC la inchi nne, lile la maji machafu linalouzwa katika kila duka la vifaa vya ujenzi. Kila mita moja ya bomba hilo hubeba zaidi kidogo ya lita nane, hivyo mita mbili zinatoa kiasi cha lita 17. Ncha zote mbili huzibwa kwa vizibo na gundi, moja ikatobolewa na kutiwa koki, na juu ya ncha ya pili pakatiwa mdomo wa kujazia wenye kifuniko cha kukaza. Bomba lote lipakwe rangi nyeusi isiyong'aa, kwani inayong'aa hurudisha sehemu ya nuru.

Fundi bomba yeyote anaweza kuifanya kazi hii kwa nusu siku. Aelezwe mambo mawili. Maji yakipata joto hutanuka, kwa hiyo bomba lisijazwe hadi juu. Na wakati wa kuoga kifuniko cha kujazia kilegezwe, la sivyo hewa haitaingia na maji yatakataa kutoka. Wako wanaotia hewa kwa pampu ya baiskeli ili maji yatoke kwa nguvu. Bomba la maji machafu halikutengenezwa kubeba mgandamizo, hasa likiwa limelainishwa na jua, nami nisingependa kusimama karibu nalo.

Wanyama, na kuuhifadhi mfuko

Maji kambini wakati wa kiangazi huita wageni. Nyuki huja kwenye koki inayovuja, kwa hiyo izibwe vizuri na kufutwa. Nyani na tumbili hujaribu kila kitu kwa meno, na mfuko ulioachwa bila mlinzi kambini mchana kutwa uko salama zaidi juu ya paa la gari au karibu na jiko la mpishi kuliko nyuma ya hema. Tembo hunusa maji kwa mbali, na katika Kambi ya Simba wamezoea kufika kambini kunywa. Anapokaribia, maji ya kuoga ni yake, na watu warudi nyuma taratibu.

Usiku mfuko usibaki nje hata ukiwa mtupu. Wangu wa kwanza uliishia kwa fisi, ambaye sijui alinusa nini katika plastiki na sabuni, lakini asubuhi nilikuta kichwa cha bafu peke yake, hatua 40 kutoka hemani, kikiwa na alama za meno.

Tundu dogo linazibika. Mahali pale pafutwe, pakaushwe kabisa na kusuguliwa kidogo kwa msasa laini, kisha kipande cha turubai la PVC, kama lile la malori, kibandikwe kwa gundi ya PVC na kukandamizwa chini ya jiwe usiku mzima. Solusheni ya tyubu za baiskeli haishiki vizuri kwenye plastiki hii. Uvujaji unaotoka mahali mpira unapoingia mfukoni hukomeshwa kwa kibano cha chuma cha mpira wa gesi, ambacho ningemshauri kila mtu awe nacho cha akiba.

Safari ikiisha, mfuko usuuzwe kwa maji safi, utundikwe kichwa chini koki ikiwa wazi na kizibo kimeondolewa, na uachwe hivyo siku mbili au tatu hadi ndani pasiwe na unyevu hata kwenye kona. Usikunjwe kwa mistari mikali, kwani plastiki hupasuka palepale ilipokunjwa. Uviringishwe kama mkeka, mpira ukiwa nje, na uwekwe mbali na panya.